Mvua Yaja Kuposa Gari

Jana mchana nililala nikaota, tena baada ya sahani mbili za ndizi na maharage, kwa hiyo anayetaka kuzilaumu ndizi na azilaumu. Mimi ninajua nilichokiona.

Kwanza mjue ninayesema ni nani, maana ndoto ya mtu usiyemjua ni kelele tu. Naitwa Byabato. Hapa Bukoba wananiita Ta Byabato, yaani mzee Byabato, fundi bodi wa Kashai. Nimenyoosha magari ya watu miaka thelathini na moja. Sisi watu wa huku hatujisifu, tunataja ukweli: bati lililokunjamana likanishinda bado halijazaliwa.

Na ninalo gari. Si gari la kubebea mkaa. Ni gari la mbio, la viti viwili, lisilo na paa, nililolitengeneza mwenyewe juu ya chesisi ya pikapu iliyokufa. Bodi yote ni alumini tupu. Niliigonga kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga kwa miaka sita, mpaka ikakubali kupinda nilipotaka ipinde. Rangi sikuipaka. Rangi ni nguo, na mwenye umbo lake hahitaji kujifunika sana.

Taabu ya alumini tupu ni mvua. Haishiki kutu, hilo kweli, lakini tone likikaukia juu yake linaacha doa, na doa likizoea linageuka ukungu mweupe wa kudumu. Na Bukoba, ndugu zangu, mvua haina likizo. Kwa hiyo nimeweka sheria, nimeziandika kwa chaki ukutani pale kwenye banda langu la kazi. Tone lisikauke lenyewe. Futa upande mmoja tu, kutoka puani kwenda mkiani. Usiguse kwa mkono mtupu. Waya wa kusugulia sufuria na majivu, mwiko.

Hiyo ya mwisho niliiongeza baada ya mke wangu, Mama Kokugonza, kuamua siku moja kunisaidia. Alilisugua buti la gari kwa majivu na limau, kisha akaniita kwa furaha nije nione lilivyotakata. Siku tatu sikuongea na mtu.

Sasa, Kokugonza mwenyewe. Ni binti yetu wa pekee, mwalimu wa hesabu, na Jumamosi hii anaolewa na kijana wa Muleba anayeitwa Projestus. Wiki iliyopita alinifuata bandani.

"Baba, nataka unipeleke kanisani kwa gari hili. Wewe na mimi tu."

"Isiponyesha," nikasema.

"Baba, huu ni Novemba."

"Ndiyo maana nikasema isiponyesha."

Hakubishana. Ila tangu siku hiyo ananiamkia kwa adabu sana, vile anavyowaamkia majirani, na kusema kweli iliniuma kuliko angenigombeza.

Basi jana, Jumapili, jua likiwa kali na vumbi likitimka barabarani, nilitandika mkeka kando ya gari langu lililofunikwa turubai. Nikajinyoosha. Sikumbuki kufumba macho.

Hodi inapigwa mlangoni. Nafungua. Ni mwavuli.

Mwavuli mweusi, mtu mzima, mbavu mbili zimevunjika, kavaa koti. Anavua kofia, ingawa sijui kofia ya mwavuli inakaa wapi.

"Shikamoo, Ta Byabato."

"Marahaba. Karibu ndani."

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mgeni hakai dakika mbili hajaletewa kahawa ya kutafuna, na mikono yangu ina tabia hiyo hata nikiwa sina habari. Kabla sijamuuliza amefuata nini, nimeshamwekea kikapu mbele yake. Anachukua punje mbili, anazitafuna taratibu, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umenikaribisha," anasema. "Sasa huwezi kunifukuza kabla sijasema. Mimi ni mshenga. Nimetumwa na Bwana Mvua. Anaomba mkono wa binti yako."

Nikasimama. "Kokugonza ana mchumba!"

"Si huyo. Huyu hapa." Akaelekeza mpini wake kwenye turubai.

Nikapumua. Kisha nikashindwa kupumua tena.

"Mzee," nikasema, "wewe ni mwavuli. Mvua si adui yako?"

"Adui? Bila yeye nani angeninunua? Tumefanya kazi pamoja miaka yote. Ni kijana mchapakazi, hanywi, hakai kijiweni. Anapita hapa kila siku, anagonga bati la banda lako, hakuna anayemfungulia. Amekonda."

"Gari langu bado dogo."

"Lina miaka sita, na injini ya lori. Sema sababu nyingine."

Mwavuli akasema kwamba mambo ya posa hayaamuliwi na mtu mmoja mlangoni, ukoo uitwe. Nikamuuliza ukoo gani, mimi ni Mhaya, gari ni gari. Akanitazama kwa huruma.

"Ukoo wa upande wa alumini," akasema.

Banda likawa ukumbi wa parokia. Hakuna aliyeshangaa, basi na mimi sikushangaa. Wanaingia sufuria. Wanaingia mmoja mmoja, wamevaa kanga viunoni, wakubwa mbele, wadogo nyuma, na mifuniko inakaa kwenye mabenchi ya mwisho ikinong'ona. Ninawafahamu wengi. Yupo wa chai wa nyumbani kwangu, hana mkono mmoja. Yupo wa maharage, ambaye asubuhi nilimpita jikoni bila kumsalimu, na ninaona hajasahau.

Mbele kabisa kakaa sufuria mkubwa kuliko wote, yule wa kupikia ndizi za misiba na harusi, mweusi chini, mweupe juu. Huyo ndiye shangazi. Na posa bila shangazi haiendi.

"Ta Byabato," akaanza. "Huyu uliyemficha chini ya turubai ni damu yetu. Bati moja, tanuru moja. Sisi tunatiwa maji kila siku ya Mungu. Tunachemshwa. Tunasuguliwa kwa waya na majivu mpaka mkeo aone uso wake. Mimi nimechemka miaka kumi na minane. Nimekufa?"

"Hujafa, waitu," nikajibu kwa heshima.

"Nina madoa?"

Nikamtazama. Alikuwa na madoa mengi kuliko nyota za angani. "Unapendeza," nikasema.

"Mwongo, lakini una heshima. Sasa nisikilize. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Huyu binti yetu umemnyima hata kanzu moja ya rangi. Umemvua mwenyewe. Halafu unamkataza kuoga!"

Mifuniko ikapiga vigelegele na kugongana. Nilijua ninashindwa, nikakimbilia sheria zangu. Nikazisoma zote nne kwa sauti, kwa kiburi kidogo. Karani wa kikao alikuwa kopo la chai. Akaziandika, akapiga muhuri, akasema, "Zimepita. Zinaanza kutumika sasa hivi kwa watu wote."

Nikasema hapana, ni za gari tu. Kopo akasema muhuri umeshakauka.

Niko barabarani. Mji mzima wa Bukoba unatembea upande mmoja, kutoka puani kwenda mkiani, yaani kutoka ziwani kwenda mlimani. Hakuna anayerudi. Wauza samaki wanapanda, wanafunzi wanapanda, padri anapanda na kanzu yake mkononi. Mke wangu ananipita na kapu.

"Mama Kokugonza, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimeshaipita nyumba mara moja, na kurudi nyuma hakuruhusiwi. Kwa hiyo nalizunguka ziwa. Nikipitia Mwanza na Kisumu na Entebbe nitatokea mlangoni kwetu upande sahihi. Chakula kipo kwenye kabati."

"Utachelewa harusi!"

"Ungefikiria hilo kabla hujaandika ukutani," akasema, akaendelea kupanda. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuna senene, panzi wetu wa kukaanga.

Kila mtu kavaa soksi mikononi, kwa sababu ya sheria ya kutogusa kwa mkono mtupu. Wanasalimiana kwa viwiko. Mama mmoja anajaribu kumpapasa mtoto wake shavu kwa soksi ya kuchezea mpira, ya kijani, na mtoto anacheka anapiga chafya. Halafu ninawaona Kokugonza na Projestus. Wamesimama wamevaa nguo zao za harusi, katikati yao pamewekwa meza, na juu ya meza amekaa yule kopo na muhuri wake.

"Haruhusiwi kumshika," kopo akaniambia. "Ataacha alama za vidole."

"Lakini ni mkewe mtarajiwa!"

"Alama ni alama."

Projestus alikuwa amenyoosha mkono wenye soksi, umefika nusu ya meza, umekwama hapo. Kijana mzuri yule, sikuwahi kumwambia. Na binti yangu alikuwa analia. Si kwa kelele. Tone moja limetoka jichoni, linashuka shavuni pole pole.

Tone lisikauke lenyewe! Sikujiuliza mara mbili. Nikachomoa kitambaa changu laini cha flaneli, nikaruka meza, nikaanza kumfuta, kutoka puani kwenda nyuma, kwa uangalifu wote wa ufundi wangu. Likatoka tone la pili. Nikafuta. La tatu. Nikafuta.

"Baba," akasema.

"Tulia, litaacha doa."

"Baba, liache likauke lenyewe."

Nikasimama na kitambaa hewani. Nilijisikia mjinga, nasema bila kuficha. Mzee mzima nimemfuta binti yangu kama boneti, na sikumuuliza hata mara moja analia nini.

Ndipo mlango wa ukumbi, maana tumerudi ukumbini, ukafunguka, akaingia Mvua.

Nilitegemea jitu. Alikuwa kijana mfupi, mwembamba, kavaa suti ya kuazima, anachuruzika kila mahali na kuomba radhi kwa kila kiti anachokilowesha. Akapiga goti mbele yangu. Dimbwi likafanyika hapo hapo.

"Shikamoo, baba mkwe."

"Usiniite hivyo bado. Marahaba."

"Sikuja kugombana. Mimi sijawahi kuomba kulala kwako. Napita tu, nagusa, naenda zangu Karagwe, nina kazi nyingi. Wewe unakuja na kitambaa chako baadaye, unafuta. Sijakukataza. Madoa yanayobaki ni machache na dawa yake unayo kabatini, kopo la pili kushoto."

"La tatu," nikamsahihisha.

"La tatu. Samahani." Akajikamua kidogo mkono wa koti. "Sasa nikuulize, mzee, na uniambie ukweli mbele ya shangazi. Mwaka jana Agosti nilikaa wiki tatu bila kunyesha. Jua tupu. Mbona hukulitoa gari?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Hata mifuniko.

"Niliogopa utanivizia," nikasema.

"Nilikuwa Kongo. Ulijua."

Nilijua. Kila mtu alijua, vumbi lilikuwa mpaka magotini.

"Si mimi unayeniogopa," Mvua akasema kwa upole. "Unaogopa kumpeleka mtu mahali halafu urudi peke yako, kiti cha pili kitupu. Unaiogopa Jumamosi. Mimi umenisingizia tu."

Nilitaka kumjibu. Mimi sikosi jibu, muulizeni mtu yeyote Kashai. Lakini nikajikuta nasema, "Miaka sita nilikuwa nagonga bati hili, naye Kokugonza anakaa pale kwenye tairi ananisomea magazeti na kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Gari likishamchukua kanisani, nani atanisomea magazeti?"

"Amesema!" shangazi sufuria akapiga kelele. "Jamani, amesema mwenyewe! Andika, kopo!"

Kopo akaandika. Vigelegele vikapigwa, mwavuli akafunguka ghafla kwa furaha akamchoma mtu jicho, akaomba radhi. Sufuria wa maharage akanisogelea akanishika bega.

"Pole, Ta Byabato. Lakini kuna jambo hujui. Mtu akiolewa Muleba, hajaenda mwezini. Ni mwendo wa saa moja na kitu. Na gari unalo."

Jambo hili, nakiri, sikuwa nimelifikiria kabisa.

"Kwa hiyo posa imekubaliwa?" akauliza mwavuli.

Nikatazama ukuta wangu. Chaki ilikuwa imeanza kutiririka yenyewe. "Imekubaliwa," nikasema. "Lakini upige hodi."

Naendesha. Turubai halipo, ukumbi haupo. Kokugonza yuko kando yangu na gauni lake jeupe limejaza kiti kizima mpaka linanifunika mkono wa gia. Mbele ni barabara ya kanisani. Na mvua inanyesha, inanyesha hasa, mvua ya kwetu, ile inayotoka ziwani bila kuaga.

Kila tone linapiga hodi kabla ya kutua.

"Hodi," linasema tone la kwanza juu ya boneti.

"Karibu."

"Hodi."

"Karibu."

"Hodi, hodi, hodi, hodi."

"Karibuni wote, msinichoshe!"

Wakashuka wote kwa mkupuo. Maji yakapita juu ya alumini yangu kutoka puani kwenda mkiani, upande sahihi, bila kufundishwa na mtu. Sijawahi kuliona gari langu linang'aa namna ile, na nimeling'arisha kwa mikono hii. Nikasikia kitu kinacheka chini ya miguu yangu. Lilikuwa gari. Miaka sita halijawahi kutamka neno.

"Kumbe," likasema gari, "ni maji tu."

"Ndiyo," nikasema kwa aibu.

"Ongeza mwendo."

Nikaongeza. Kokugonza anacheka, shela lake limelowa limemganda usoni, analipuliza kwa mdomo lisimzibe pumzi. Watu wanatutazama kutoka kwenye vibaraza na wote wamevua soksi. Yupo Mama Kokugonza anaingia mjini kutoka upande wa Entebbe, amewahi, kapu limejaa. Projestus yuko mlangoni pa kanisa, analoweshwa na mvua, hasogei.

Nasimamisha gari. Kokugonza anageuka kunitazama.

"Tumefika, Baba?"

Nazima injini, nasema, "Tumefika, mama. Shuka."

"Baba! Baba, amka. Unaongea peke yako."

Nikafumbua macho. Niko kwenye mkeka. Kokugonza kasimama mlangoni pa banda, jua kali nyuma yake, simu mkononi. Alikuwa na ule uso wake wa adabu wa wiki nzima.

"Shikamoo. Nimekuja kukuambia tu, usijisumbue tena na habari za Jumamosi. Mjomba wake Projestus ametoa gari lake. Jeupe, lina paa. Anasubiri nimjibu sasa hivi."

Nikanyanyuka. Nikalivuta turubai ili nilitazame gari langu.

Turubai lilikuwa kavu, tena limejaa vumbi, maana tangu Alhamisi hakujanyesha hata tone. Chini yake gari lilikuwa limelowa chapachapa. Matone yalijaa boneti nzima, makubwa, mazima, yanatetemeka. Nikatazama bati la juu. Halivuji, nililiezeka mwenyewe. Sakafu chini ya gari ilikuwa kavu.

Kokugonza aliyaona. Akarudi nyuma hatua moja, anajua ninavyopiga kelele tone moja likiligusa gari lile. Akaangalia kitambaa changu cha flaneli kilichoning'inia kwenye msumari, akanyoosha mkono anipe kabla sijaanza kufoka.

"Kiache," nikasema.

"Baba?"

"Yatakauka yenyewe."

Akanikazia macho. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

"Mjibu mjomba wake Projestus," nikasema. "Mwambie tunamshukuru sana, na gari lake jeupe lenye paa awapakie mashangazi. Wewe unakwenda na mimi. Saa tatu kamili asubuhi, usinicheleweshe na mambo yenu ya nywele. Na mwaka mzima unaokuja, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, chai mniwekee Muleba. Nitakuja na magazeti."

Kokugonza aliweka kiganja chake kitupu juu ya boneti, katikati ya matone yote yale, akakiacha hapo. Halafu akaanza kulia, na mimi safari hii sikumfuta.

Mama yake, ambaye hukosa kila kitu isipokuwa mazungumzo ya watu wengine, akapaza sauti kutoka jikoni. "Baba Kokugonza! Na ikinyesha je?"

"Tutalowa!" nikamjibu.